Dainamo, taa ya kuchaji au tochi ya betri: taa ipi kwa baiskeli ya njia ya giza?

Hapa Ifakara, mkoani Morogoro, Tanzania, jua huzama kati ya saa 12:20 na saa 1 hivi jioni, mwaka mzima. Baada ya hapo giza haliombi hodi. Nusu saa tu, na ukiwa nje ya mji usiku usio na mwezi, huoni hata tairi lako la mbele. Anayetoka kazini saa 12 na nusu akiwa na kilomita 11 za kukanyaga mpaka kijijini, miezi mingi hukutwa na giza njiani. Mimi ni mmoja wao, na huu ni mwaka wa saba.

Kijijini kwetu kila anayenunua baiskeli huja kuniuliza anunue taa gani. Nami huanza kwa kumuuliza: umeme wa hiyo taa utautoa wapi? Wengi hushangaa, kwa sababu dukani kinacholinganishwa ni ukali wa mwanga. Muuzaji anabonyeza, tochi inakupiga machoni mchana kweupe, unalipa. Ukali huo utaupata Jumatatu. Ikifika Alhamisi umeme wa nyumbani umekatika tangu juzi, betri imebaki na pumzi ya dakika kumi, na mbele yako kuna kalavati lililobomoka ukingo, ng'ombe waliolala barabarani na lori la mpunga linalokuja limewasha taa zote.

Nimetumia aina zote nitakazozieleza hapa. Dainamo ni kifaa kinachozalisha umeme gurudumu likizunguka. Ile ya habu, yaani ya katikati ya gurudumu, peke yake ndiyo sikuwahi kuimiliki. Niliiendesha wiki tatu kwenye baiskeli ya mfanyakazi mwenzangu.

## Mambo ya kupima kabla ya kulipa

La kwanza nimeshalisema: chanzo cha umeme, na nini kitatokea siku chanzo hicho kikikosekana.

La pili ni umbo la mwanga, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwenye boksi huandikwa lumeni. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, pamoja na ule unaokwenda kumulika matawi ya miembe. Unachohitaji wewe ni mwanga unaofika chini barabarani, na huo hupimwa kwa luksi. Ujerumani, ambako sheria ya taa za baiskeli ni kali, wanapima luksi kwa umbali wa mita 10, na hawaruhusu mwanga unaopanda na kumpiga anayekuja machoni. Ndiyo maana taa zao huwa na mwanga uliokatwa upande wa juu, kama taa ya gari iliyoshushwa, na kutandazwa chini kama mkeka. Tochi ya kawaida hutupa duara: nusu inakufaa, nusu inapanda. Kiangazi ile nusu inayopanda inakudhuru wewe mwenyewe, kwa sababu gari likishapita vumbi hubaki limening'inia hewani, na mwanga huo hukurudia usoni kama ukuta mweupe.

Na kuna jambo la kimo. Jaribu usiku wa leo: weka gunzi la mahindi barabarani, hatua kumi mbele yako. Shika tochi usawa wa paji la uso na umulike. Gunzi linaonekana kama doa, bapa, huwezi kusema limeinuka kiasi gani. Sasa shusha tochi polepole mpaka usawa wa goti. Kivuli kinatokeza nyuma ya gunzi, kinarefuka, na ghafla unaona kitu chenye mwili. Shimo nalo ni hivyohivyo. Usiku jicho halilioni shimo lenyewe, linaona kivuli cha ukingo wake. Taa iliyofungwa kwenye usukani au chini zaidi kwenye foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, hukupa kivuli hicho. Taa ya kichwani hukunyima.

Ukiwa na mwendo wa kilomita 18 kwa saa unakwenda mita 5 kila sekunde. Taa inayokuonyesha mita 10 tu inakupa sekunde mbili za kuona, kuamua na kushika breki. Kwenye changarawe, hizo ni chache.

La tatu ni mgongo wako. Mbele unajiangalia mwenyewe, nyuma unategemea macho ya mtu mwingine. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Ukionekana likiwa mita 100 nyuma yako, dereva ana sekunde nne na nusu za kupunguza mwendo au kukupisha. Ukionekana likiwa mita 30, ana sekunde moja na ushee. Kwa hiyo katika kila chaguo hapa chini nimeuliza: taa ya nyuma inapata wapi umeme, na nitajuaje kuwa imezimika wakati mimi natazama mbele?

Mengine ni mafupi. Mvua, vumbi na mtikisiko: kwa upande wa maji, tafuta alama ya IPX kwenye boksi. IPX4 maana yake inastahimili maji ya kurushiwa kutoka kila upande. IPX7 inastahimili kuzamishwa kina cha mita moja kwa nusu saa. Ufundi: ikiharibika, fundi wa chini ya mwembe ataiweza, au ni ya kutupa? Na gharama, ambayo ihesabiwe kwa mwaka mzima, pamoja na betri na hela ya kuchajisha.

## Dainamo ya kusugua tairi

Ile ya chupa, inayofungwa kwenye foko au ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Unaibonyeza, kichwa chake kinalalia tairi, inaanza kuimba.

Umeme. Miguu yako. Kipimo chake cha kawaida ni volti 6 na wati 3, ambazo 2.4 ni za taa ya mbele na 0.6 ni za nyuma. Mgao wa umeme haukuhusu, wala duka la betri kufungwa. Bei unailipa kwa mapaja: kusuguana na tairi kunakula nguvu nyingi kuliko umeme unaotoka, na ukiwa na gunia kwenye keria huku upepo unakukabili, utaisikia. Tena ukisimama, inazima. Hilo ni baya hasa unaposubiri kukata kulia ukiwa katikati ya giza.

Mwanga. Kwa balbu za zamani ni wa njano, na unafifia kila unapopunguza mwendo, yaani palepale penye ubovu ambapo ungeutaka zaidi. Kuna kasoro nyingine ambayo watu wengi hawaielewi. Dainamo husukuma mkondo wake uleule hata kama balbu moja imeungua. Balbu ya mbele ikifa, umeme wote unaikimbilia ile ndogo ya nyuma, nayo inaungua muda huohuo. Umeona giza mbele tu, ukajikaza kufika kwa mwanga wa nyota, kumbe na nyuma hakuna kitu. Dawa ni kung'oa taa ya balbu na kuweka taa ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya dainamo. Usiunganishe LED ya tochi moja kwa moja, kwa sababu dainamo inatoa umeme wa AC, unaogeukageuka mwelekeo, na mteremko mmoja mrefu unatosha kuiunguza. Nilipobadilisha, baiskeli ikawa kama si ileile.

Mvua, vumbi na mtikisiko. Udhaifu wake mkubwa ni masika. Tairi likilowa, kichwa kinateleza na taa inakonyeza au inazima kabisa. Tope la mfinyanzi linakijaza mifereji. Unasimama, unafuta kwa kidole, unaendelea.

Ufundi na gharama. Hapa ina nguvu kuliko zote. Kila fundi baiskeli anaijua, na vipuri vipo hata kwenye magenge. Mwaka wa kwanza yangu ilizima wiki nzima. Nilishabadilisha balbu mara mbili, nikashuku dainamo yenyewe imekufa. Nikampelekea fundi mmoja mzee. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu kwa kiganja, akainama kutazama taa ikiwaka kwa kukatakata. Hakugusa balbu. Alifungua boliti inayoshika dainamo kwenye foko, akakwangua rangi na kutu chini yake kwa ncha ya kisu mpaka chuma kikang'aa, akafunga tena. "Taa haijafa, mwanangu," akasema. "Umeme umekosa njia ya kurudi." Taa hizi za zamani zina waya mmoja tu, fremu ndiyo waya wa pili. Rangi na kutu vikikaa katikati, njia imekatika. Siku hiyohiyo alinivutia waya wa pili kutoka kwenye taa mpaka kwenye mwili wa dainamo, na tatizo hilo sijalipata tena.

Jambo moja la kukagua ukishafungiwa: mhimili wa dainamo uelekee katikati ya ekseli ya gurudumu. Ikikaa mshazari, inakula ubavu wa tairi kidogokidogo hadi nyuzi zinaonekana.

Inamfaa anayekwenda kila siku, asiye na umeme wa uhakika, mwenye fundi karibu, na ambaye baiskeli yake haina mizigo mizito sana nyakati za usiku.

## Dainamo ya habu

Hii imejengwa ndani ya habu ya gurudumu la mbele, haigusi tairi. Wazo lake ni la zamani: Sturmey-Archer wa Uingereza walikuwa wanaiuza tangu miaka ya 1930. Siku hizi zinazosifiwa ni za Shimano ya Japani na SON ya Ujerumani.

Umeme. Miguu yako tena, volti 6 na wati 3 zilezile, ila hasara ni ndogo sana. Katika wiki zile tatu niliwasha na kuzima nikiwa kwenye tambarare, nikajaribu kuhisi tofauti miguuni, sikuipata. Kwa hiyo mwenzangu haizimi kamwe, mchana na usiku, na hana cha kusahau.

Mwanga. Hutegemea taa uliyoifunga, lakini taa nyingi zinazouzwa nayo ni zile za mwanga uliokatwa juu. Nyingi pia zina akiba: ukisimama, LED ndogo ya mbele na ile ya nyuma zinaendelea kuwaka dakika chache. Mtu aliyewahi kusimama pembeni ya lami gizani akisikia lori linakuja nyuma yake anajua thamani ya dakika hizo.

Mvua, vumbi na mtikisiko. Hakuna kuteleza. Tope halina pa kushika. Kinacholegea ni soketi ya waya pale kwenye habu, hasa ukitoa gurudumu kuziba pancha na fundi akasahau kuirudisha vizuri.

Ufundi na gharama. Hapa ndipo inapowaacha wengi wetu. Habu yenyewe ni ghali, lazima gurudumu lisukwe upya kwa njiti, na ikifa ndani, fundi wa kawaida hataifungua. Kabla ya kuagiza, hesabu matundu ya rimu yako (habu hizi mara nyingi huja na matundu 32 au 36, na lazima yalingane) na upime upana wa foko. Nyingi zimepimiwa foko ya milimita 100, na foko za baiskeli za kizamani zinaweza kuwa nyembamba zaidi. Njia ya unafuu ni mtumba. Baadhi ya baiskeli zilizotumika Japani zinazoshushwa Dar es Salaam zina habu hii tayari, pamoja na taa inayojiwasha giza likiingia. Ya mwenzangu ilikuja hivyo. Aliinua gurudumu la mbele pale sokoni akalizungusha, akasikia linakwamakwama kidogo kama lina sumaku, akajua.

Inamfaa mwenye safari ndefu za kila siku, anayeweza kulipa mara moja kwa ajili ya miaka mingi, au aliyebahatika na baiskeli ya mtumba yenye nayo.

## Taa ya kuchaji

Umeme. Waya wa simu. Kama nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zimefika kwako, au una sola ya paa, au kuna kibanda cha kuchajisha simu njiani, una chanzo. Hesabu yake ni rahisi na ni vizuri uifanye kabla ya kununua. Betri ya mAh 2,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) kwa volti 3.7 ina wati-saa 7.4. Taa inayokula wati 3 itaimaliza kwa kama saa mbili na nusu. Safari yangu ni dakika 45. Kwa jioni tano ni saa 3 na dakika 45. Ina maana nichaji mara mbili kwa wiki bila kukosa. Zile "saa 20" za kwenye boksi huwa ni za mwanga wa chini kabisa, au wa kupepesa.

Mwanga. Kwa nguvu tupu, hizi zinashinda. Zilizo nzuri zina mwanga tulivu ambao haubadiliki ukipunguza mwendo, na ukifika kwenye korongo ukashuka na kukokota, bado unaona. Tatizo ni kwamba nyingi zinazouzwa kwetu ni tochi zilizopewa kikamio, yaani kibano, cha usukani: duara kali, halina mpaka juu. Ukiwa nayo, iinamishe mpaka katikati ya duara iguse barabara kama mita 8 hadi 10 mbele, na usiwashe mwanga wa juu kabisa mtu anapokuja. Dereva uliyempofusha anakuja upande wako.

Mvua, vumbi na mtikisiko. Angalia kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la kuchajia. Kikilegea, maji ya masika yanaingia hapo. Kikamio cha plastiki nacho huchoka kwenye barabara ya matuta, taa ikaanza kuinama yenyewe. Mpira wa tyubu uliozungushwa mara mbili unaituliza.

Ufundi na gharama. Ikifa betri iliyofungiwa ndani, mara nyingi taa nzima imekwisha. Afadhali ile inayofunguka, yenye betri ya duara iitwayo 18650, yaani milimita 18 unene na 65 urefu, ambayo unaweza kununua ya akiba. Lakini hapo kuna udanganyifu mkubwa. Betri bora za saizi hiyo kwa kawaida hubeba karibu mAh 3,500. Niliwahi kuuziwa moja imeandikwa 9,900 kwa wino wa dhahabu. Ilinipa dakika 35. Nilipoiweka kwenye kiganja kimoja na nyingine ya kweli kwenye kingine, ile ya dhahabu ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga. Ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Sasa kabla ya kulipa ninapima kwa mkono. Na usiichajie juani kwenye bati wala kuiacha kwenye usukani mchana kutwa. Joto linaiua betri ya lithiamu mapema.

Inamfaa mwenye umeme wa kuaminika upande mmoja wa safari, nyumbani au kazini, na mwenye tabia ya kuchaji kabla haijaisha. Taa hii inakwenda sawa na mtu anayekumbuka.

## Taa ya betri za kawaida

Umeme. Betri za duka la jirani, zile ndogo za AA au kubwa za tochi. Hakuna taa iliyo rahisi kurudishiwa uhai kuliko hii: unasimama gengeni, unanunua jozi, unaondoka ukimulika. Lakini betri za bei ya chini huanza vizuri na kushuka haraka kwenye taa kali, hivyo taa ya "wiki mbili" ikawa ya siku tatu nne. Betri za AA za kuchaji zinaokoa pesa, maana hutumika mamia ya mara, ila hapo umerudi kwenye suala la umeme.

Mwanga. Kwa mbele ni hafifu kwa barabara mbaya, unafaa mwendo wa taratibu. Kwa nyuma ni hadithi nyingine kabisa. Taa nyekundu ya LED inakula umeme kidogo sana, na jozi moja inakwenda wiki kadhaa za safari kama yangu. Ndiyo ninayotumia nyuma mpaka leo, hata mbele kukiwa na dainamo, kwa sababu haizimi nikisimama na haiungui balbu ya mbele ikiungua.

Mvua, vumbi na mtikisiko. Betri zikitikiswa hupoteza mguso na springi, taa inazima kwenye rasta na kuwaka tena mbele. Kipande cha karatasi ya sigara kilichokunjwa nyuma ya springi kinasaidia. Zikiachwa ndani miezi, zinavuja maji na kula shaba.

Ufundi na gharama. Unaisafisha mwenyewe. Taa ni rahisi, matumizi ndiyo ghali: chukua bei ya jozi dukani kwako, zidisha kwa jozi za mwezi, kisha kwa 12. Wengi wakifanya hesabu hiyo wanaona wangeshanunua dainamo na taa yake ya LED ndani ya mwaka.

Inamfaa anayepatwa na giza mara mojamoja, na kila mtu kwa upande wa nyuma.

## Tochi ya kichwani na taa ya sola

Tochi ya kichwani nimeshaitaja kwenye jaribio la gunzi: inafuta vivuli. Umeme wake ni kama wa taa mbili zilizopita, mvua inazipata sawasawa, na gharama ni ndogo. Ubora wake ni kwamba inakwenda unakotazama, kwa hiyo unasoma kona kabla usukani haujageuka, na pancha ikikupata una mikono miwili. Ubaya wake kwa wengine ni mkubwa, maana kila unayemtazama unampofusha. Inafaa kuwa ya pili, juu ya taa ya baiskeli.

Taa ndogo ya sola, yenye kioo chake mgongoni, inafaa nyuma tu, tena kwa mtu ambaye baiskeli yake inashinda juani. Yangu ilishinda chini ya kivuli cha ofisi, jioni ikawa haina kitu. Anayeegesha uwanjani atapata matokeo tofauti.

## Ya nyongeza, chaguo lolote

Mahali pa kufunga taa ya nyuma ni muhimu kuliko aina yake. Ukiifunga chini ya kiti halafu ukaweka gunia la mpunga kwenye keria, inamulika gunia tu. Ifunge mwisho kabisa wa keria au kwenye madigadi, chini ya mzigo. Iache iwake bila kupepesa: taa ya kupepesa inavutia jicho, lakini gizani dereva anashindwa kukadiria umbali wako. Mbele usipepeshe kabisa.

Reflekta haihitaji umeme wa mtu. Nyekundu nyuma, na za njano kwenye pedali, ambazo zinapanda na kushuka mpaka dereva anatambua kwa mbali kuwa huyo ni mtu anakanyaga. Baiskeli nyingi za Phoenix zina kipande cheupe sehemu ya chini ya madigadi ya nyuma. Kifute tope kila jioni, na kama rangi imeisha, ipake upya.

## Uchague kwa hali yako

Kama kwako hakuna umeme, au upo wa kusuasua, na unakwenda kila siku: dainamo ya kusugua yenye waya wa pili na taa ya LED mbele, kisha taa ya betri nyekundu nyuma, peke yake. Masika yakiwa makali kwenu, beba na tochi ndogo mfukoni kwa siku tairi likilowa.

Kama umeme ni wa kuaminika na safari haizidi saa moja, taa ya kuchaji yenye betri ya kutoa itakufaa zaidi, hasa kama njia ina makorongo ya kushuka na kukokota. Panga siku mbili za wiki za kuchaji, na usizibadilishe.

Wabeba mkaa, maziwa na mpunga, ninyi mnaoondoka saa 10 alfajiri, mzigo tayari unawachosha. Kuongeza dainamo ya kusugua ni adhabu, na kwa mwendo wenu mdogo haitoi mwanga wake kamili. Taa ya kuchaji mbele, na nyuma taa mbili nyekundu: moja mwisho wa keria, nyingine imefungwa juu ya mzigo wenyewe.

Baiskeli inayotumiwa na watu watatu nyumbani, leo baba, kesho kijana wa shule, ni ya dainamo, kwa sababu hakuna anayejua nani alipaswa kuchaji. Ukikutana na ya mtumba yenye habu ya umeme, izungushe gurudumu, na kama linakwamakwama na taa inawaka, ongeza kidogo uichukue.

Anayetembea usiku mara mbili kwa mwezi anunue tochi ya AA yenye kikamio, betri azitoe na kuziweka pembeni ndani ya mfuko uleule.

Na kama pesa ya mwezi huu inatosha taa moja tu, nunua nyekundu ya nyuma. Kwa mbele chukua tochi uliyonayo nyumbani, ifunge kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, iinamishe mpaka duara lake liangukie barabara hatua kumi mbele, na uende mwendo ambao breki zako zinaweza kukusimamisha ndani ya duara hilo.